Nani Anaruhusiwa Kuingia Ploti Yako?

Katika nyumba nyingi za mijini hapa Kenya kuna bili mpya iliyojipanga nyuma ya kodi, stima na maji, nayo ni bili ya intaneti. Watoto wanafanya kazi ya shule humo. Mama anauza nguo humo. Kijana wa ghorofa ya juu ameajiriwa na kampuni ya ng'ambo na hajawahi kuiona ofisi yake. Bili ya namna hiyo inastahili kujadiliwa kwa uzito ule ule tunaoipa bei ya unga, na leo ndiyo ninayotaka tuijadili.

Nianze na mwezi wa Septemba 2024. Mwezi huo Safaricom iliongeza kasi ya vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani bila kugusa bei. Aliyekuwa akilipa shilingi 2,999 kwa megabiti 10 kwa sekunde akapewa 15. Wa shilingi 4,100 akatoka 20 hadi 30. Wa 6,299 akatoka 40 hadi 80. Na yule wa 12,499, aliyekuwa na megabiti 100, akajikuta na 500. Hakuna fundi aliyemgongea mlango. Waya iliyokuwa ukutani kwake Agosti ndiyo hiyo hiyo iliyobaki ukutani Oktoba.

Sasa mtu anajiuliza: kama waya hii ingeweza kuleta 500, mbona siku zote nilikuwa nauziwa 100? Kampuni itakujibu, na haitakuwa imedanganya, kwamba kasi haitoki kwenye waya ya mlangoni peke yake. Lazima iongeze mitambo, na inunue uwezo zaidi wa kutoka nje ya nchi. Ni kweli. Lakini uamuzi wa kufanya hivyo mwaka ule, tena kwa mkupuo mmoja, haukuletwa na mitambo. Uliletwa na mgeni.

Mgeni mwenyewe ni Starlink, kampuni ya setilaiti ya Elon Musk, iliyoanza kuuza huduma yake Kenya Julai 2023. Mwanzoni wengi hawakuitilia maanani, kwa sababu kifaa chake kilikuwa ghali mno, karibu shilingi laki moja. Halafu bei ya kifaa ikashushwa. Kufikia Agosti 2024 ungeweza kukikodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na kulikuwa na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Mwezi uliofuata ndio huo nilioanza nao. Mimi siamini kwamba tarehe hizo ziliangukiana kwa bahati.

Na kabla ya kuongeza kasi, kulitangulia barua. Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikiitaka ifikirie upya kuwapa watoa huduma wa setilaiti leseni za kujitegemea, na badala yake watakiwe kufanya kazi kupitia kampuni zenye leseni hapa nchini. Hoja zilizotolewa zilikuwa za usalama na ubora wa mawimbi. Si hoja za kupuuza: kampuni isiyo na mtambo wala mnara katika nchi inaweza kweli kuwa ngumu kuidhibiti. Lakini msikilizaji, sote tunajua wakati huo serikali yenyewe ilikuwa na asilimia 35 ya hisa za Safaricom. Mamlaka ingeweza kujikuta inamlinda mwana wa nyumbani dhidi ya mpangaji. Leseni hazikufutwa, na walionufaika zaidi ni wateja ambao hawajawahi kugusa dishi la Starlink. Walikaa kwenye faiba yao ya zamani, wakaongezewa kasi.

Wenye kumbukumbu ndefu watasema barua kama hiyo si ya kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Nairobi ziliungana zikaanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano, kinachojulikana kama KIXP. Kabla ya hapo, barua pepe ya mtu wa Westlands kwenda kwa mtu wa Industrial Area ilikuwa inapanda setilaiti, inashuka Marekani au Ulaya, kisha inarudi Nairobi, na kila mzunguko ukilipiwa kwa fedha za kigeni. Kituo kile kilikata safari hiyo. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya kipekee ya mawasiliano ya nje, ikalalamika kwamba imevamiwa, na kabla mwaka haujaisha Tume ya Mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mvutano mrefu. Leo video nyingi unazotazama zinatoka kwenye hifadhi zilizo hapa hapa nchini, na hakuna anayekumbuka kwamba jambo hilo liliwahi kupigwa marufuku.

Nayakumbusha haya kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba intaneti ikiwa ghali ni kwa ajili ya teknolojia. Hadi mwaka 2009 hilo lilikuwa na ukweli mwingi. Hatukuwa na kebo hata moja ya baharini. Tulitegemea setilaiti, na megabiti moja kwa sekunde iligharimu kampuni maelfu ya dola kwa mwezi. Kisha SEACOM ikafika Mombasa, TEAMS ikaja kutoka Fujairah mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Baadaye zimefuata LION2, DARE1 na PEACE. Kebo zinakatika, ndiyo. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na majirani wengine tukahenya kwa siku kadhaa. Lakini kwa ujumla, uwezo wa kutoka nje si tena shida iliyotufunga mikono. Kebo zenye nguvu kubwa zinalala pale Mombasa. Kinachokosekana ni mita mia za mwisho.

Hebu tuingie ndani ya ploti.

Pipeline, Embakasi, kuna majengo yaliyobanana kiasi kwamba kutoka dirishani unasikia taarifa ya habari ya televisheni ya jirani wa ng'ambo ya kichochoro. Nilipanda ngazi za jengo moja huko. Ghorofa ya pili, juu ya mita za stima, kuna kisanduku cheupe cha plastiki chenye mfuniko uliolegea, na nambari ya simu ya fundi imeandikwa ukutani kwa kalamu nene. Kutoka kwenye kisanduku hicho waya nyeusi nyembamba zinatawanyika, kila moja inapanda juu ya fremu ya mlango na kuingia chumbani kupitia tundu lililotobolewa na kuzibwa kwa simenti nyeupe. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya tatu, mshonaji nguo anayepokea oda zake kwa simu, alinionyesha ruta yake. Taa iliyoandikwa LOS ilikuwa inawaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kutoka nje. Alikuwa na siku mbili hivyo. Nikamuuliza kwa nini asihamie kampuni nyingine. Akanionyesha jengo la mbele kwa kidole: kule kuna kampuni mbili, na pesa anayolipa yeye kule inaleta kasi maradufu. "Hapa ni hawa tu," akasema. "Keateka hakubali fundi mwingine apite getini."

Basi hapo ndipo ushindani wetu wote unapoishia. Mabango yanapigana barabarani, matangazo yanapigana redioni, bei zinapigana mtandaoni, halafu kwenye geti la kijani la ploti kuna mtu mmoja mwenye ufunguo.

Mpango wenyewe haujafichwa sana. Kampuni inakuja kwa mwenye nyumba, inasema itavuta faiba hadi kwenye jengo kwa gharama yake. Kwa kubadilishana na hilo inaomba iwe peke yake kwa muda fulani. Mahali pengine mwenye nyumba anapewa kiasi kwa kila mpangaji anayejiunga, mahali pengine anawekewa kamera za ulinzi bure au intaneti ya ofisi yake. Mahali pengine hakuna mkataba wowote, ni keateka tu na kitu kidogo. Naielewa kampuni inayotaka kurudisha fedha zake: kuvuta waya hadi jengo la ghorofa saba ambalo pengine ni familia kumi tu zitajiunga ni hatari ya kibiashara. Namwelewa pia mwenye nyumba ambaye hataki mafundi wa kampuni tano wamtobolee kuta. Lakini katika makubaliano hayo ya watu wawili, anayelipa ni wa tatu, na yeye hakuitwa kwenye kikao.

Na hawezi kukimbilia setilaiti. Dishi linataka anga wazi, na paa la jengo ni la mwenye nyumba. Tena setilaiti ina mipaka yake, na tuliiona. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kama Kiambu, Machakos na Kajiado, kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Kila eneo la ardhi linagawiwa kiasi fulani cha mawimbi kutoka juu, na watu wakiwa wengi mahali pamoja kinawaishia. Kwa mfugaji wa Marsabit, shule ya Turkana au zahanati ya Tana River, ambako hakuna kampuni iliyo tayari kuchimba mtaro kwa ajili ya nyumba ishirini, setilaiti ni ukombozi na nitaitetea. Kwa ghorofa za Pipeline, Kayole au Githurai, haiwezi kuwa jibu. Huko jibu ni waya, na zaidi ya waya moja.

Kuna wale waliolielewa hili mapema. Kampuni ya Poa ilianza kuuza intaneti isiyo na kikomo katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, Kibera na kwingineko, kwa karibu shilingi 1,500 kwa mwezi, wakati wakubwa walikuwa wanashindania Kilimani na Lavington. Waliosema watu wa huko hawana uwezo wa kulipa walikosea. Wakazi hao walikuwa wanalipa tayari, tena ghali zaidi, kwa bando za siku za shilingi hamsini hamsini. Jamii Telecommunications na Zuku nazo zilileta faiba majumbani kabla ya Safaricom kuingia kwa nguvu mwaka 2017. Leo Safaricom inashikilia zaidi ya theluthi ya wateja wa intaneti za waya na za kudumu. Bado soko ni dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya milioni 12.1, na kufikia mwisho wa 2024 maunganisho ya namna hii hayakuwa yamefika milioni 2, ofisi zikiwemo. Kwa hiyo usidhani vita vimekwisha. Nyumba nyingi hazijafikiwa na hata waya ya kwanza.

Nisimame kidogo kwenye suala la kasi yenyewe, maana hapo watu wengi wanauziwa wasichokijua. Kasi inatangazwa kwa megabiti, lakini faili lako linapimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Megabiti 15 kwa sekunde ni chini ya megabaiti 2. Filamu ya gigabaiti moja itachukua kama dakika tisa kushuka. Kwa mkutano wa video, megabiti tatu au nne zinatosha mtu mmoja, kwa hiyo familia ya watu wanne yenye 15 haina sababu ya kuteseka, mradi iwe inapata hizo 15 kweli.

Na hapo kwenye "kweli" ndipo kuna kazi. Katika mfumo wa faiba unaotumika zaidi majumbani, uzi mmoja kutoka kwenye mtambo wa kampuni unagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Uzi huo unabeba kama gigabiti 2.5 kwa sekunde kushuka. Wote 64 wakivuta kwa pamoja, kila mmoja atabaki na chini ya megabiti 40, hata kama bango linasema 500. Kwa kawaida hawavuti wote kwa pamoja, na ndiyo maana mpango unafanya kazi. Lakini saa mbili usiku, Jumamosi yenye mechi, wanavuta. Ongeza na kwamba kampuni yenyewe huenda haijanunua uwezo wa kutosha wa kutoka nje, na kwamba vifurushi vingine vinapunguziwa kasi ukishapita kiasi fulani cha matumizi, jambo linaloandikwa kwa herufi ndogo na kuitwa matumizi ya haki. Mpangaji mwenye kampuni moja tu kwenye jengo lake hana namna ya kujua kama tatizo ni ukuta wa nyumba yake, ruta yake, jirani zake au mtoa huduma wake. Hana cha kulinganisha nacho.

Serikali nayo ina mkono wake kwenye bili hii. Huduma ya intaneti inatozwa ushuru wa bidhaa, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha kutoka asilimia 20 hadi 15, kisha juu yake inakuja VAT ya asilimia 16. Vikikokotolewa pamoja, katika kila shilingi 2,999 karibu 750 ni kodi. Robo nzima. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kurudisha ushuru ule kwenye asilimia 20, na tunajua jinsi mswada huo ulivyopokelewa barabarani na vijana waliopangana kupitia intaneti hiyo hiyo. Serikali iliyoahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma haiwezi, kwa mkono wa pili, kuitoza waya hiyo kama sigara.

Lakini hata kodi hiyo ikifutwa kesho, yule mshonaji wa ghorofa ya tatu bado atakuwa na kampuni moja. Punguzo lenyewe huenda lisimfikie, kwa sababu kampuni isiyo na mpinzani haina haraka ya kupitisha nafuu kwa mteja. Ndiyo maana nalirudia suala la geti.

Wenzetu wamewahi kulishughulikia. Nchini Marekani tume ya mawasiliano, FCC, ilipiga marufuku mikataba inayoipa kampuni moja haki ya kipekee kwenye majengo ya kupanga, kwa kampuni za kebo kwanza na mwaka 2008 kwa kampuni za simu. Walidhani wamemaliza. Kampuni zikatafuta mlango wa nyuma: hazikuandika tena kwamba mwingine haruhusiwi, zikaandika kwamba mwenye nyumba atagawana mapato na wao peke yao, na kwamba nyaya zilizo ndani ya kuta ni zao peke yao. Ilibidi mwaka 2022 tume irudi na kuifunga baadhi ya mikataba hiyo ya kugawana mapato, na kuwalazimu watoa huduma kumweleza mpangaji waziwazi kama wana makubaliano ya peke yao ya kutangaza biashara katika jengo lake. Miaka kumi na minne ilipita kati ya katazo moja na jingine. Sisi hatuna haja ya kupitia njia yote hiyo, maana tunaona tayari ilikopinda.

Tena si lazima tuitazame Marekani. Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitaka Safaricom iache kuwafunga mawakala wa M-Pesa wasifanye kazi na kampuni nyingine. Kabla ya hapo wakala aliyeweka bango la Airtel Money alikuwa anahatarisha riziki yake. Baada ya hapo kibanda kimoja kikaweza kuwa na mabango matatu, na M-Pesa haikufa, iliendelea kukua. Wakala na kibanda chake, mwenye nyumba na geti lake: kisheria ni jambo la aina moja, yaani mwenye nguvu sokoni kumnunua mlinzi wa njia anayopita mteja.

Kwa hiyo ninachokitaka ni mambo yanayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa gazeti rasmi la serikali. Mkataba wowote unaomzuia mpangaji kuunganishwa na kampuni yenye leseni anayoitaka usiwe na nguvu. Kampuni iliyovuta waya ya kwanza ilipwe na wanaokuja baadaye, kwa bei inayosimamiwa, badala ya kila mmoja kutoboa kuta upya, na hivyo hata mwenye nyumba apate amani yake. Kaunti zinapopitisha ramani za majengo mapya zidai mrija wa nyaya za mawasiliano kutoka barabarani hadi kila ghorofa, kama zinavyodai ngazi na choo. Na siku ambazo taa nyekundu inawaka zirudishwe kwenye akaunti ya mteja zenyewe, bila yeye kupiga simu na kusikilizishwa muziki.

Hadi hapo mambo hayo yatakapotimizwa, wewe unayetafuta nyumba mwezi huu, ukishauliza habari za maji na deposi, muulize keateka ni kampuni ngapi zinaruhusiwa kuvuta waya humo. Kisha panda hadi ghorofa ya pili ukahesabu visanduku mwenyewe.